Sio Mlima

Mara ya kwanza mshale uliposhuka, Salesio hakushtuka hata kidogo. Alikuwa ametoka kujaza tangi pale kituoni Kiirua, akapita nyumbani kumchukua mkewe Kendi ampeleke kliniki. Kendi akakaa kiti cha nyuma, akafunga mlango, na mshale wa geji ya mafuta ukateremka polepole kutoka juu mpaka chini kabisa. Taa ndogo ya manjano ikawaka.

"Mafuta inaisha," Kendi akasema, akichungulia katikati ya viti.

"Ni mlima tu."

Mtu wa nchi tambarare angeshangazwa na jibu hilo, lakini sisi tunaoishi tumeuegemea Mlima Kenya tunalijua. Gari likipanda, mafuta yanakimbilia nyuma ya tangi. Likishuka, yanarudi mbele. Na lile boya dogo linaloelea humo ndani linainuka au kulala jinsi barabara inavyotaka, likiuburuta mshale nalo. Ndiyo maana hakuna dereva wa Meru wala wa Embu anayeuamini mshale wake akiwa njiani. Anasema ni mlima, anaendelea. Tumezoea kusema hivyo hata pale ambapo hatujaangalia.

Ila boma la Salesio liko mahali tambarare, na gari lilikuwa bado limesimama.

Gari lenyewe lilikuwa geni kwao. Salesio alikusanya maziwa ya wakulima kila asubuhi na kuyapeleka kwenye mtambo wa kupozea, na alichoka kukodi magari ya watu. Akalipata hili Embu, mtaa wa Dallas, kwa mtu mmoja mpole aitwaye Ngari ambaye hakubishana naye hata kidogo kuhusu bei. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Salesio alimshukuru Mungu akaondoka mbio kabla mwenye gari hajabadilisha mawazo.

Alikuwa na sababu ya kulitaka gari hilo upesi. Kendi alikuwa amepoteza mimba mara mbili, na hii ya tatu ndiyo iliyokuwa imefika mbali. Daktari wake wa mjini Meru alikuwa amewaambia bila kuzunguka kwamba mtoto amelala vibaya, na siku uchungu ukianza wasipoteze muda, waje moja kwa moja afanyiwe upasuaji. Wakichelewa njiani, mama au mtoto hatarudi, na huenda wakawa wote wawili. Kwa hiyo gari lile lilikuwa na kazi moja kubwa kuliko maziwa yote ya huku kwetu Buuri, nayo ilikuwa kufika.

Na sasa mshale ulikuwa ukidanganya. Salesio akiwa peke yake na mitungi ya maziwa, geji ilisema kweli. Kendi akipanda, ilianguka. Akishuka, ilipanda tena taratibu kama mtu anayeinuka kitini. Juu ya hayo kulikuwa na harufu. Gari la maziwa litanuka maziwa, alisema Salesio, lakini Kendi alikuwa binti wa wafugaji na aliijua harufu ya maziwa ya ng'ombe. Hii ilikuwa tamu, ya uvuguvugu, ile inayobaki kwenye blauzi ya mwanamke anayenyonyesha.

"Na kuna kitu inagonga hapa nyuma," alisema. "Tik, tik, tik. Unaisikia?"

Salesio aliisikia. Akalipeleka gari kwa Kaburu.

Kaburu alikuwa fundi mwenye gereji ya mabati kando ya soko la Kiirua, mtu wa kelele na mzaha, na alilichukulia jambo hilo kama chai ya asubuhi. Akaangalia fyuzi, zikawa nzima. Akafungua dashibodi, akapima waya, ikawa nzima. Halafu akacheka.

"Bwana Salesio, hii ni kitu kidogo. Boya ya mafuta iko chini ya kiti ya nyuma. Waya yake inapita hapo. Madam akikaa, kiti inafinya waya, mshale inaanguka. Na hiyo tik tik ni pampu. Wacha nikuonyeshe."

Akawasha gari, akajitupa kiti cha nyuma kwa uzito wake wote, na alikuwa mzito. Mshale haukucheza. Akarukaruka. Haukucheza. Akachukua magunia mawili ya viazi kwa jirani, akayapanga kitini, akaketi juu yake. Mshale ukabaki juu, umetulia kabisa.

"Mama, hebu kuja ukae," akamwambia Kendi.

Kendi akaketi, na mshale ukashuka mpaka chini.

"Kuja mbele, basi."

Kendi akahamia mbele, mbali na ile waya. Mshale, uliokuwa umeanza kupanda, ukashuka tena.

Mzaha ukamtoka Kaburu. Alizima gari, lakini ile tik, tik, tik haikuzima pamoja nalo. Wote watatu waliisikia ikiendelea huko nyuma, haraka na kwa mpangilio, na pampu haifanyi kazi gari likiwa limezimwa. Kaburu akang'oa kiti. Chini yake, juu ya kifuniko cha tangi, palikuwa na kitu cha rangi ya manjano. Ilikuwa kofia ya mtoto mchanga ya kufuma kwa sufu, imefika nusu, na bado imening'inia kwenye sindano mbili za kufumia. Mahali hapo pananuka petroli miaka yote, lakini kofia ile ilinuka maziwa.

Kaburu alimwangalia Kendi tumbo, kisha akaangalia kando.

"Hii gari haina shida," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimemaliza. Usinilipe."

Siku hizi ukitaja jini huku kwetu watu wanacheka. Majini, watakuambia, ni mambo ya watu wa pwani. Sisi tuna nkoma, roho za watu wetu wenyewe waliotutangulia, na hizo hatuzicheki, tunanyamaza tu tukiitwa Wakristo. Mama yake Salesio, Gatakaa, aliyeishi nao boma moja, hakutaka hata neno hilo litajwe. Alimleta mchungaji wake. Mchungaji akaomba, akapaka usukani mafuta ya upako, akapaka na kioo cha geji, na wote wakaitikia amina. Kisha Kendi akaingia na mshale ukashuka mbele ya macho ya mchungaji. Alikumbuka kwamba alikuwa na mkutano mwingine.

"Ni shetani anamwonea mtoto wangu wivu," Gatakaa alisema, akiweka mkono kwenye tumbo la Kendi. "Usiogope, Gatakaa mdogo. Nyanya yako yuko."

Hapo lazima nieleze. Kwetu mtoto wa kwanza akiwa msichana anaitwa jina la mama ya baba yake. Hilo haliulizwi. Salesio alikuwa mtoto wa pekee, na Gatakaa alikuwa amezeeka akiwaona wenzake wakiitwa na wajukuu wenye majina yao huku yeye akingoja. Mimba mbili zilipopotea alilia zaidi ya Kendi.

Salesio akaitia ile kofia mfukoni, akaenda Embu.

Ngari alimpokea sebuleni kwake Dallas, akamkaribisha chai, akauliza habari za Meru. Salesio alitia mkono mfukoni. Aliiweka kofia mezani. Ngari aliitazama, akaificha mikono yake katikati ya magoti.

"Imekuwa kubwa," alisema.

"Nini?"

"Hiyo kofia. Alikuwa amefika hapa tu." Akapima kwa vidole viwili. "Ilikuwa kamstari tu. Alianza kufuma siku hiyo, tukienda hospitali, apunguze uchungu."

Mkewe aliitwa Ruguru. Walikuwa wametoka kwa wazazi wake, wakakuta mlima mrefu na ukungu, na Ruguru, aliyekaa nyuma, akauona mshale umelala. Akamwambia mafuta inaisha. Kulikuwa na kituo cha mafuta mkono wa kulia, taa zake zinaonekana. Ngari akapita.

"Nilimwambia ni mlima," Ngari alisema. "Aliniambia tena. Nikamwambia, wewe unajua gari kuliko mimi? Ni mlima. Tukafika katikati, ikazima. Hakuna mtu alipita hiyo barabara mpaka ilikuwa imechelewa. Alikuwa anafuma, unajua? Mpaka mwisho nilikuwa nasikia sindano tu. Nikadhani akiendelea kufuma, basi yuko sawa."

"Na mtoto?"

"Msichana. Tuliwazika pamoja." Akajipangusa uso. "Sisi mtu anarudi kwa jina, si ndio? Mjukuu anaitwa wewe, unaendelea kuishi. Ruguru hakuacha mtu. Dada hana, mtoto hana. Nani ataitwa Ruguru? Hakuna. Amekwisha. Na ni mimi."

Salesio alimhurumia, na papo hapo akamchukia.

"Ulijua, ukaniuzia. Mke wangu ni mjamzito."

"Ningejua hiyo singekuuzia."

"Na mtu mwingine je, ungemuuzia?"

Ngari akaangalia sakafu. "Uza hiyo gari," alinong'ona. "Uza tu, bwana."

Salesio aliondoka bila kunywa chai. Kofia aliitupa mtoni kabla hajafika nyumbani, akapanga na jirani kwamba siku ikifika watatumia gari lake, na lile la maziwa akaliweka sokoni.

Siku haikungoja. Uchungu ulimshika Kendi alasiri moja ya mvua, kabla ya wakati wake, na jirani alikuwa Nanyuki na gari lake. Magari mawili yaliyoitwa kwa simu yalisema barabara ya ndani ina matope, hayaingii. Gatakaa akabaki akikusanya nguo na kumwita Mungu. Salesio alikuwa amejaza tangi asubuhi ileile, akalitikisa gari kwa mabega akayasikia mafuta yakicheza, akatia mtungi mwingine wa petroli nyuma, na akamlaza mkewe kiti cha nyuma kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kumlaza. Hakuangalia geji. Aliifunika kwa kitambaa.

Walikwenda vizuri mpaka mlima wa mwisho kabla ya mjini, penye mikaratusi. Hapo ukungu ulishuka barabarani, harufu ya maziwa ikajaa ndani, na ile tik tik ikaanza, si ya mpangilio kama zamani bali ya pupa, ya mtu anayekimbilia kumaliza kazi kabla giza halijaingia, na kile kitambaa kikateleza chenyewe kutoka kwenye dashibodi, na mshale ulikuwa chini, na taa ya manjano ilikuwa imewaka, na injini ikakohoa, ikakohoa tena, na gari likasimama katikati ya mlima huku Kendi akilia jina la mama yake.

Salesio akatoka mbio na mtungi. Akafungua tangi, akamimina, na petroli ikamrudia yote, ikamwagikia viatu, kwa kuwa tangi lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Akabaki amesimama na mtungi mkononi kwenye mvua, hana la kufanya. Akarudi ndani, akawasha. Kimya. Akawasha tena, na akiinua macho kwenye kioo cha ndani akamwona mkewe amelala na kichwa chake kiko mapajani mwa mtu, mwanamke ambaye hakupanda gari lile Kiirua, ameinamisha uso akifuma, na uzi wa manjano unapita juu ya tumbo la Kendi, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na kila ukipita Kendi anazidi kunyamaza.

"Mafuta inaisha," Kendi akasema. Macho yake yalikuwa yamefumba, na lafudhi haikuwa yake. Ilikuwa ya Embu.

"Ni m..." Salesio alianza, kwa kuwa mdomo ulikuwa umezoea. Akaliuma neno hilo.

"Nimesikia," alisema. "Ruguru, nimekusikia. Mafuta imeisha. Sio mlima."

Sindano zikasimama.

"Sio mlima. Ulisema ukweli na hakuna mtu alikusikia. Wacha huyu, tafadhali. Ni wa tatu huyu. Akiwa msichana ataitwa wewe. Ataitwa Ruguru. Naapa mbele ya Mungu."

Hakugeuka kuangalia nyuma. Alizungusha ufunguo na injini ikanguruma mara moja, na mshale ukapanda, ukapanda mpaka juu.

Hospitalini mtoto alitolewa salama, msichana, na Kendi akafungua macho kabla ya usiku kuingia. Muuguzi akamleta mtoto amefungwa vizuri, kichwani ana kofia ya manjano iliyokamilika mpaka kwenye ukingo.

"Hii nimetoa kwa begi yenu," alisema. "Nani alifuma? Iko poa sana."

Kendi na Salesio walitazamana. Kisha Kendi, aliyesikia kila neno kule mlimani, akamshika mumewe mkono.

"Ulimwambia," alinong'ona. "Lazima."

"Najua."

Na alikuwa na nia ya kweli, hilo namtetea. Lakini asubuhi Gatakaa aliingia wodini na chupa ya uji na leso mpya, akamchukua mtoto, akampandisha juu mbele ya wagonjwa wote, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Gatakaa! Gatakaa wangu! Nimejiona kabla sijafa!" Wanawake vitandani wakapiga vigelegele. Muuguzi akauliza aandike nani, na Gatakaa akamjibu kabla mtu yeyote hajafungua kinywa.

Salesio angeweza kusema. Kendi alimngoja aseme. Lakini kumwambia mwanamke yule, mbele ya wodi nzima, kwamba nafasi ya jina lake imepewa mtu wa Embu asiye hata wa ukoo, mtu aliyekufa, hilo lilimshinda. Alimwogopa mama yake kuliko alivyoiogopa nkoma, na nkoma ilikuwa kimya. Akatikisa kichwa kukubali. Kendi akageukia ukuta.

Gari waliliuza kwa watu wa vyuma vikuukuu, likakatwakatwa mbele ya macho ya Salesio. Kofia Kendi aliizika mwenyewe nyuma ya nyumba, hakusema wapi. Maziwa yakaendelea, wakapata gari jingine, na geji yake ilisema kweli. Salesio akaanza kulala vizuri.

Shida ilikuwa mtoto. Alikua vizuri, alitembea mapema, lakini hakusema neno, na akiitwa hageuki. Gatakaa humwita akiwa nyuma yake, "Gatakaa, kuja kwa nyanya," naye anaendelea kuchezea vijiti viwili alivyovipenda, akivigonganisha. Wenzake wakaanza kuzungumza, wakaanza kuimba, yeye kimya. Walimpeleka kupimwa masikio. Daktari akayaangalia kwa kila chombo alichokuwa nacho, akasema masikio ni mazima. Akapima koo, akasema koo ni zima. Hakuna kitu kimeharibika. Salesio aliposikia hivyo alimkumbuka Kaburu.

Walikuwa wakirudi kutoka kwa daktari huyo, Gatakaa kiti cha mbele, Kendi na mtoto nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Walipofika penye mikaratusi, ukungu ulikuwa umelala barabarani, na gari zima likaanza kunuka maziwa. Salesio akaangalia geji. Alikuwa amejaza tangi mjini. Mshale ulikuwa ukishuka.

Tik, tik, tik, vijiti viligongana kule nyuma.

"Mafuta inaisha," ilisema sauti. Ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba, lakini maneno yalikuwa yamenyooka kama ya mtu mzima. "Sio mlima."

Gatakaa akapiga makofi. "Ameongea! Mungu wangu, Gatakaa ameongea!" Akageuka kitini. "Gatakaa, sema tena! Gatakaa?"

Vijiti viliendelea. Mtoto hakumwangalia. Injini ikakohoa.

Salesio akaegesha kando ya barabara kabla gari halijazima. Katika kioo aliyaona macho ya Kendi yakimtazama, yamejaa machozi, yakimngoja kama yalivyomngoja wodini. Mama yake alikuwa pale kando, bega kwa bega naye. Hakuwa na mahali pa kukimbilia.

"Ruguru," aliita.

Vijiti vikanyamaza.

Gatakaa akamgeukia mwanawe taratibu, uso wake umeanza kubadilika. "Umeita nani?"

"Mimi," akajibu mtoto.